Erisimu Nairobi: Namna ya Kuitambua, Kuipanda na Kuitunza Bila Kuidekeza

Simama mbele ya vitalu vya miche kando ya Ngong Road au Kiambu Road, uulize kichaka kidogo chenye maua ya zambarau, na kwanza utaonyeshwa lavenda. Ukisema si lavenda utaonyeshwa Cuphea, kisha Brunfelsia, na mwishowe utaambiwa, "Basi chukua hii, mama, nayo ni ya zambarau." Muuzaji hana kosa. Rangi pekee haimwambii mtu chochote kuhusu mmea.

Mwongozo huu ni wa anayetaka erisimu, hasa ile inayoitwa Erysimum 'Bowles's Mauve'. Hiki ni kichaka cha kijani kibichi mwaka mzima, chenye kimo cha sentimita 60 hadi 75 na upana wa karibu hivyo hivyo. Majani yake ni membamba, ya kijani cha kijivujivu, na mashada yake ya zambarau huendelea kufunguka kwa miezi mingi kutoka chini kwenda juu. Jina lake linamkumbuka E. A. Bowles, mkulima wa maua wa Uingereza aliyeishi kati ya 1865 na 1954 na kutunza bustani yake Myddelton House, huko Enfield kaskazini mwa London.

Erisimu ni ya ukoo wa haradali, Brassicaceae, ukoo ule ule wa sukuma wiki, kabichi, kanzira, figili na koliflawa. Kwa sura ya ua na kwa wadudu wanaoishambulia, ni ndugu wa sukuma wiki kabisa. Kwa chakula na maji, hapana. Watu wengi huipoteza kwa sababu huilea kama mboga: samadi tele, maji asubuhi na jioni, mbolea ya kukuzia. Inanenepa, inalegea, inaoza.

Hatua ya kwanza: zoeza macho kwa mboga

Kabla hujatoka kwenda kununua, tafuta kanzira au figili iliyozeeka ikatoa maua. Ukikosa shambani kwako, jirani yeyote mwenye kibustani cha mboga atakuwa na shina moja alilolisahau. Chuma ua moja, usogee penye mwanga.

Hesabu petali. Ni nne, na zimekaa zikikabiliana mbili kwa mbili, msalaba kamili. Chini yake kuna sepali nne za kijani, vile vijani vilivyofunika kitumba. Sasa ng'oa petali mojamoja kwa kucha, taratibu, hadi ubaki na kikonyo kilichobeba sehemu za katikati. Utaona stameni sita, zile nyuzi zinazobeba chavua, lakini hazilingani: nne ni ndefu, zimesimama zikikumbatia ovari, yaani kifuko cha mbegu, na mbili ni fupi, moja kila upande, zimeanzia chini kidogo. Nne ndefu na mbili fupi: hiyo ndiyo saini ya ukoo huu. Ukiipata pamoja na petali nne za msalaba, umeshafika karibu na jibu.

Angalia pia tunda. Baada ya ua kuanguka, ovari hurefuka na kuwa kijiti chembamba chenye pande mbili. Kikikauka, pande hizo hubanduka kuanzia chini kuelekea juu, na katikati hubaki ngozi nyembamba inayopitisha mwanga, mbegu zikiwa zimejipanga kwenye kingo zake. Mwisho, sugua jani kati ya vidole na unuse. Ile harufu kali ya kabichi mbichi hutokea pale seli za jani zinapopasuka: kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa hukutana na kemikali za glukosinoleti na kutengeneza mafuta ya haradali. Kwenye erisimu harufu hiyo ni hafifu kuliko kwenye figili, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Fanya zoezi hili kwa maua kadhaa na mkono utazoea. Baada ya hapo unaweza kusimama kitaluni ukapasua ua huku unaongea bei.

Hatua ya pili: ondoa wanaofanana nayo

Hapa ndipo pesa hupotelea, kwa hiyo tusiharakishe.

Lavenda ndiyo inayochanganywa zaidi, kwa sababu ina majani membamba ya kijivu na maua ya zambarau. Shika shina lake changa ulizungushe kati ya kidole gumba na cha shahada. Lina pembe nne. Majani yake yanatoka mawili mawili yakitazamana. Shina la erisimu halina pembe nne za namna hiyo, na majani yake hutoka mojamoja, yakipishana kuuzunguka ukonyo. Ua la lavenda nalo ni mrija mdogo wenye midomo miwili, si msalaba.

Cuphea, ile inayopandwa kwenye kingo za njia za magorofa mengi ya Kilimani na Kileleshwa, ina petali sita na majani madogo yanayotazamana. Brunfelsia, ambayo maua yake hufunguka zambarau kisha yakapauka hadi kuwa meupe, ina petali tano zilizoungana. Plumbago pia ni tano. Hizo zote unaziondoa kwa kuhesabu tu.

Ixora inahitaji umakini, kwa kuwa petali zake huonekana nne. Lakini zimeungana chini zikawa mrija mrefu, stameni ni nne tu, na majani ni mapana, yanang'aa, yanatazamana. Hiyo ni ya ukoo wa kahawa. Buddleja nayo ina ncha nne juu ya mrija, na majani yake hutazamana vilevile.

Mgagani ndio mtihani mgumu, kwa sababu ni jirani wa karibu wa ukoo huu kwa kweli. Una petali nne na stameni sita, sawa, lakini petali zote zimejikusanya upande mmoja na stameni zimebebwa juu ya kijiti kirefu kilichochomoza kutoka katikati ya ua. Jani lake lina vipande vitatu hadi vitano vinavyotoka sehemu moja, kama vidole. Yeyote aliyewahi kuchambua mboga ya saga anaijua. Kuna na Cleome za mapambo zenye maua ya waridi, ndefu, nyingine zina miiba. Kanuni ni ile ile.

Ukishabaki ndani ya ukoo wenyewe, kuna ndugu watatu wa bustanini. Alisamu (Lobularia maritima) ni fupi, inatambaa, ina vijiua vidogo vyeupe au zambarau vyenye harufu ya asali. Inauzwa sana kwa ajili ya kingo. Iberis hutambulika kwa petali zisizolingana: mbili za nje ni kubwa kuliko mbili za ndani. Stoki (Matthiola incana) ndiyo iliyo karibu zaidi na erisimu kwa umbo, ila majani yake ni laini mno kwa vinyweleo, na harufu yake ya karafuu inakufikia kabla hujainama.

Mwenye lenzi ndogo ana njia ya kumaliza ubishi. Weka jani la erisimu chini ya lenzi na utaona vinyweleo vilivyolala bapa juu ya ngozi ya jani, kila kimoja kimeshikwa katikati huku ncha zake mbili zikielekea pande tofauti. Vinyweleo vya stoki vimegawanyika matawi mengi na kusongamana. Tofauti hii haidanganyi, hata mmea ukiwa hauna ua.

Ukibaki na shaka, chukua tawi lenye maua, likaushe kati ya kurasa za gazeti kwa siku chache, ulipeleke kwenye Hebaria ya Afrika Mashariki, hifadhi ya mimea iliyokaushwa iliyo ndani ya Makumbusho ya Taifa, Museum Hill. Kazi yao ni mimea, na tawi lililokaushwa vizuri linawasaidia kuliko picha ya simu.

Hatua ya tatu: pata mche kwa njia halali

'Bowles's Mauve' ni tasa. Haitoi mbegu zinazoota. Ukiona mtu mtandaoni anauza pakiti ya mbegu zenye jina hilo, funga pochi yako. Huenezwa kwa vipandikizi tu, kwa hiyo unatafuta mche au unatafuta mwenye kichaka akukatie.

Mbegu za erisimu nyingine zipo, hasa za Erysimum cheiri, yenye maua ya njano, machungwa na mekundu ya kahawia. Tahadhari ni kwamba aina nyingi za zamani za cheiri hupanga kutoa maua baada ya kupitiwa na majira ya baridi. Nairobi hata Julai usiku hushuka hadi nyuzi 10 au 12 hivi, na hiyo si baridi ya Ulaya. Unaweza kuishia na majani mazuri mwaka mzima. Ukitaka kujaribu mbegu, chagua aina ambayo pakiti inasema huchanua mwaka huo huo wa kupandwa.

Shangazi akikuahidi kukuletea vipandikizi kutoka London ndani ya begi, mwambie asubiri. Kuingiza mmea, kipandikizi au mbegu nchini kunahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kilichotolewa kabla mzigo haujasafirishwa, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka. Si urasimu wa bure. Nchi yenye wakulima wengi hivi wa kabichi na sukuma wiki haihitaji ugonjwa mpya wa ukoo huo.

Ukiwa kitaluni, usichague mche wenye maua mengi. Chagua mfupi, wenye matawi kadhaa kutoka chini, majani ya kijivu yasiyo na madoa. Uinamishe mfuko uangalie chini: mizizi ikiwa imezunguka mara nyingi na kuwa kamba nene, uache.

Hatua ya nne: mahali

Jua, angalau saa sita kwa siku. Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya haviwezi kukusaidia, kwa sababu Nairobi iko zaidi kidogo ya nyuzi moja kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mwezi Machi na mwishoni mwa Septemba. Kati ya hapo, Aprili hadi Septemba, huelemea kaskazini. Oktoba hadi Februari huelemea kusini. Maana yake ni kwamba ukuta unaotazama kaskazini ndio unaopata jua wakati wa baridi ya Juni na Julai, wakati ambao mawingu hufunika mji kwa siku kadhaa mfululizo na kila mmea unalilia mwanga. Panda upande huo kama unao. Ukuta unaotazama kusini utakuwa na kivuli na ukungu wa kijani chini yake katika miezi hiyo hiyo.

Kwa wakazi wa ghorofani, baraza inayotazama kaskazini au mashariki inafaa sana. Kinga upepo kidogo, kwani matawi ya erisimu hukatika kirahisi yanapoanza kuwa mbao.

Usiipande katikati ya bustani ya mboga. Vidukari wa sukuma wiki watahamia huko na kurudi, na utakuwa umewajengea nyumba mbili.

Hatua ya tano: udongo

Mji huu una udongo wa namna mbili kuu, na kila mmoja unataka dawa yake.

Upande wa magharibi na kaskazini, kuanzia Karen na Kabete hadi Lavington na Runda, udongo ni mwekundu, wenye kina, unaopitisha maji vizuri. Tatizo lake ni asidi. Erisimu hupenda udongo usio na asidi, hata wenye chokaa kidogo. Wiki mbili au tatu kabla ya kupanda, changanya konzi moja ya chokaa ya kilimo katika kila shimo, au konzi mbili za jivu la kuni. Usiweke chokaa siku moja na samadi. Vikikutana, naitrojeni hupotea hewani. Mwenye eneo kubwa apeleke sampuli kwenye maabara za KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo, Kabete, badala ya kukisia. Maganda ya mayai yanayosifiwa sana hayadhuru, lakini huoza polepole mno kiasi kwamba kichaka kitakuwa kimezeeka kabla hayajafanya kazi.

Upande wa mashariki na kusini, Embakasi, Donholm, South C na kuendelea kuelekea Kitengela, ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Ukinyesha, unanata kwenye viatu. Ukikauka, unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Huu hauna haja ya chokaa mara nyingi, ila utaua erisimu kwa kushikilia maji mizizini. Usichimbe shimo ukalijaza udongo mzuri ukadhani umemaliza. Shimo kwenye mfinyanzi hugeuka kuwa beseni, na maji yote ya jirani huja kutuama humo. Inua tuta la sentimita 25 hadi 30 juu ya ardhi, kwa udongo mwekundu ulionunuliwa, mchanga wa mto na kokoto ndogo, kisha upande juu ya tuta.

Kwa chungu, chagua chenye upana wa sentimita 30 na matundu ya kutosha chini. Ndoo ya rangi inafaa ukiitoboa matundu sita au saba kwa msumari uliopashwa moto. Changanya sehemu mbili za udongo mwekundu, moja ya mchanga wa mto, moja ya kokoto ndogo, na nusu ya mboji iliyoiva. Ndiyo, nusu. Mchanganyiko utaonekana wa kimaskini, na ndivyo unavyotakiwa uwe.

Hatua ya sita: kupanda

Wakati mzuri ni mwanzo wa mvua za vuli, katikati ya Oktoba hadi mwanzo wa Novemba. Wengi husubiri masika, lakini mvua za Aprili hapa ni nzito, na zikiisha tu baridi inaingia. Mche mchanga unajikuta umelowa na hauna jua. Ukipanda vuli, mizizi hujishika kisha inapata Januari na Februari yenye jua kali.

Mwagilia mche ndani ya mfuko saa moja kabla. Chimba shimo lenye kina sawa na mfuko, si zaidi. Chana mfuko, usivute shina. Weka mche ili udongo wake wa awali ulingane na ardhi. Ukizika shina, litaoza. Rudisha udongo, kandamiza kwa ngumi si kwa kiatu, mwagilia mara moja vizuri. Acha sentimita 50 hadi 60 kati ya mche na mche. Unaweza kutandaza kokoto juu badala ya nyasi, kwa sababu nyasi mbichi zilizogusa shina huleta konokono na unyevu.

Bana ncha za matawi kwa kucha baada ya wiki tatu hivi ili yatoke mengine pembeni. Utapoteza maua ya kwanza, na itakuuma. Bana tu.

Hatua ya saba: maji na chakula

Wiki sita za kwanza, mwagilia kila udongo unapokauka juu. Baada ya hapo, ingiza kidole hadi kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, ondoka. Kichaka kilichoshika hustahimili ukame, na hilo linafaa katika mji ambao maji ya mfereji huja kwa ratiba. Maji yaliyosuuza mboga yanatosha. Ya kuoshea vyombo, yenye sabuni, yaache.

Mwagilia chini, shinani, asubuhi. Maji juu ya majani jioni ya Julai ni mwaliko wa ukungu.

Kuhusu mbolea, usitumie CAN, ile ya kukuzia yenye naitrojeni nyingi. Hiyo ni ya sukuma wiki, ambayo unavuna majani. Naitrojeni nyingi huipa erisimu matawi marefu laini, maua machache, na vidukari wengi, kwa sababu vidukari hupenda utomvu wa matawi laini. DAP, mbolea ya kupandia, nayo huongeza asidi kwenye udongo ambao umeshaupunguzia asidi kwa chokaa. Viganja viwili vya mboji kuzunguka kila kichaka mwanzoni mwa masika vinatosha mwaka mzima. Kilichoko chunguni kipewe mboji hiyo hiyo mara mbili kwa mwaka kwa kuwa maji huosha chakula chake.

Hatua ya nane: kupogoa

Shada likimaliza kuchanua, ukonyo huendelea kurefuka ukiwa mtupu. Kata ukonyo huo hadi kwenye majani ya kwanza. Kisha mara moja kwa mwaka, baada ya wimbi kubwa la maua, punguza kichaka kizima kwa theluthi moja, ukikipa umbo la duara. Usikate hadi kwenye mbao tupu zisizo na majani. Tofauti na waridi, mbao kuukuu za erisimu mara nyingi hazichipui tena, na utabaki na kisiki.

Hatua ya tisa: maadui

Vidukari wa kabichi ni wa kijivu, wamejipaka unga wa nta, na hujazana kwenye ncha changa na vitumba vya maua. Wakiwa wachache, wakamue kwa vidole au uwapige kwa maji yenye nguvu. Wakizidi, changanya kijiko cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, nyunyizia jioni chini ya majani, na suuza asubuhi. Nta yao husukuma maji ya kawaida, ndiyo maana sabuni inahitajika. Kabla ya kunyunyizia, chungulia. Ukiona vidukari waliovimba, rangi ya kahawia, wamekauka palepale, hao wametagiwa mayai na nyigu wadogo wenye manufaa. Waache wengine waanguliwe.

Nondo mgongo-almasi, Plutella xylostella, ndiye adui mkubwa wa kabichi nchini, naye hasiti kula erisimu. Kiwavi wake ni mdogo wa kijani, mwembamba kwenye ncha zote mbili. Mguse kwa kijiti na atapinda haraka akirudi nyuma, kisha ajiangushe akining'inia kwa uzi. Akiwa mdogo hula jani upande wa chini na kuacha ngozi ya juu, kwa hiyo unaona vidirisha vinavyopitisha mwanga. Nondo huyu amezoea dawa nyingi za kemikali, na ndiyo sababu ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Kasarani, ilileta nyigu aitwaye Diadegma semiclausum kutoka Taiwan na kumwachilia Kenya mwaka 2002. Nyigu huyo hutaga yai ndani ya kiwavi. Ukipuliza sumu kali kila wiki, unamuua yeye kwanza. Okota viwavi kwa mkono au tumia dawa ya bakteria, Bacillus thuringiensis, inayopatikana kwenye maduka ya pembejeo.

Majani yanapogeuka njano kuanzia ukingoni kwa umbo la herufi V, mishipa ikiwa myeusi, ni uozo mweusi wa bakteria, ule ule wa kabichi. Hauna tiba. Ng'oa, choma, osha makasi kwa spiriti.

Kichaka kikinyauka mchana ingawa udongo una unyevu, kisha kikainuka usiku, shuku mizizi. Ifukue kidogo pembeni. Mizizi laini ya kahawia yenye harufu mbaya ni maji mengi. Mizizi iliyovimba mafundo mafundo ni ugonjwa wa mzizi rungu, na vimelea vyake hukaa udongoni zaidi ya miaka kumi. Mahali hapo usipande tena chochote cha ukoo wa kabichi, na usihamishe udongo wake kwa jembe au viatu kwenda kwenye mboga.

Jambo jingine ambalo wafugaji wa mjini walisikie. Pamoja na kemikali za haradali, erisimu hutengeneza kemikali nyingine zinazoathiri moyo, za jamii ile ya dawa ya digitalisi. Usiipike, usichanganye maua yake kwenye saladi, na ukishapogoa usiwarushie sungura au mbuzi matawi kwa kuwa yanafanana na mabaki ya mboga.

Hatua ya kumi: vipandikizi, kila mwaka

Kichaka hiki hakiishi sana. Miaka mitatu hadi mitano, kisha katikati hupasuka, matawi hulala, maua hupungua. Kwa hiyo anza kuandaa mrithi mwaka wa pili, kikiwa bado na nguvu. Agosti mwishoni na Septemba panafaa: baridi inaondoka, hewa si kavu sana, na miche itakuwa tayari kwa vuli.

Tafuta tawi la pembeni lisilo na kitumba cha ua, lenye urefu wa sentimita 6 hadi 8. Livute kuelekea chini litoke na kisigino kidogo cha gome la shina mama. Mizizi hutoka hapo haraka. Kama mkia wa gome ni mrefu, upunguze kwa wembe. Ondoa majani ya nusu ya chini. Choma tundu kwa kalamu katika mchanganyiko wa nusu mchanga wa mto na nusu mboji iliyochekechwa, ingiza kipandikizi, kandamiza. Vipandikizi vitano au sita hukaa pamoja pembeni mwa kikopo kimoja. Mwagilia, weka kivulini penye mwanga, na usifunike kwa nailoni siku nzima, maana majani yenye vinyweleo huoza yakibanwa na mvuke.

Baada ya wiki tatu hadi nne, vuta kidogo. Kikikataa kutoka, kina mizizi. Kihamishie kwenye mfuko wake, bana ncha, kiache nje polepole kizoee jua.

Mche mpya usiupande kwenye shimo la mzee wake. Sogea hatua mbili, na pale pa zamani weka kitu cha ukoo tofauti kabisa: lavenda, rosmeri, au hata dania. Kichaka kilichong'olewa kikiwa na mizizi safi kinaweza kukatwakatwa na kuingia kwenye lundo la mboji. Chenye mafundo kichome chote, na majivu yake uyamwage mbali na mboga.